Mtoto Akinyamaza Mlimani

Barua ilikuja ndani ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Shule anayosoma kitindamimba wangu inataka kuwapeleka watoto wa darasa la sita Mlima Kilimanjaro: watoke Dar es Salaam Ijumaa, walale Moshi, Jumamosi asubuhi waingie lango la Marangu, wapande hadi kituo cha Mandara na kushuka siku hiyohiyo. Mzazi anayekubali atie saini chini.

Kikao cha wazazi kiliitishwa wiki iliyofuata. Baba mmoja alisimama akasema watoto wetu tumewalea kama mayai, sasa waende mlimani wakapigwe na baridi, wakomae. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Nimepanda milima na wanangu, ninajua mtoto anavyorudi nyumbani na hatua nyingine kabisa baada ya siku kama ile. Lakini yule baba akaongeza kwamba wachaguliwe wale wasiolialia, watoto wavumilivu, wasije wakawarudisha wenzao nyuma. Hapo mikono yangu ikalegea. Niliomba nafasi, nikaanza kueleza, mwenyekiti akasema muda umekwisha. Niliondoka na maneno yangu kifuani, na tangu siku hiyo mlima wa Lupanga unanijia usiku.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nyumba yetu ilikuwa mtaa ambao ukifungua dirisha la jikoni milima yote ya Uluguru iko mbele yako, na asubuhi za kiangazi ungeweza kuona moshi wa mashamba ukipanda taratibu kwenye miteremko. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 11. Mwalimu mmoja kijana, mtu mwema aliyetupenda, alitukusanya watoto kama ishirini na tano kwenda kupanda Lupanga, hukohuko Uluguru. Kilele kile kina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mji uko kwenye mita 500 hivi. Ni mlima unaomtoa jasho mtu mzima mwenye mazoezi: njia imesimama, mizizi imetandaa kama ngazi iliyovunjika, na udongo ukilowa hauna pa kukanyaga. Sisi tulianza saa nne asubuhi kwa sababu tulikuwa tukimsubiri mwenye kuleta mihogo. Tulivaa sare za shule. Wenye bahati tulikuwa na raba za turubai, wawili walikuja na ndala. Maji yalikuwa dumu moja la lita tano, likipokezanwa.

Kwenye dawati langu nilikaa na msichana mmoja ambaye kwa kuongea hakuwa na mpinzani. Njia nzima ya chini, kupita mashamba ya kabichi, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo na sisi tukaitikia. Tulipoingia msituni ukungu ukashuka, na muda si mrefu mvua, ile mvua ya Uluguru isiyo na kishindo, inayokulowesha bila wewe kujua imeanza saa ngapi. Watoto wengi tukaanza kulalamika. Tulisema miguu inauma, tukasema tuna njaa, mmoja akalia waziwazi akimtaka mama yake. Mwenzangu alikuwa kimya. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole akatuambia, mwoneni mwenzenu, hanung'uniki, igeni mfano.

Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona alivyokuwa akikanyaga. Alikanyaga kama mtu anayetembea gizani, anapapasa kwa mguu kabla ya kuuweka. Nilipompa kipande cha mhogo kilimponyoka, akakiangalia kilipoanguka wala hakuinama kukiokota. Kisha akakaa juu ya mzizi, akaegemea mti, akasema kwa sauti ndogo kwamba ana usingizi.

Mwalimu alisema tumwache apumzike hapo, mimi na kaka yangu tubaki naye, wengine waende mpaka kileleni wakirudi watuchukue. Kaka yangu alikuwa na miaka 14. Walipokuwa wamefika mbali akanitazama, akavua sweta lake, akamvisha yule msichana, akambeba mgongoni na kuanza kushuka. Mpaka leo sijui alipata wapi ujasiri wa kuvunja amri ya mwalimu.

Tulitokea kwenye mashamba. Palikuwa na kibanda cha kulindia shamba na bibi mmoja wa Kiluguru akiota moto wake. Hatukuwahi hata kumaliza shikamoo. Alimvua mwenzetu nguo zote zilizolowa, akamfunga kanga mbili kavu, akamweka kifuani pake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu. Mimi akaniambia nichochee moto nichemshe maji. Akawa anamnywesha maji ya moto yenye sukari, funda dogo, anangoja, funda dogo tena. Mikono ya mwenzangu ilikuwa haikunjiki vidole. Baada ya muda mrefu akaanza kutetemeka, na bibi akasema vema, sasa anarudi.

Ndipo akatuuliza: "Amenyamaza tangu saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa watoto ishirini na tano na mtu mzima mmoja, na hakuna aliyejua yule aliyekuwa akituimbisha aliacha kuimba wapi.

Mwenzangu alipona, leo ana watoto wake. Lakini swali la bibi sijalitua. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima nikasoma juu ya mambo ya mwili, nilielewa alichokuwa akikitafuta. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na nguo iliyolowa ikipigwa na upepo huliiba joto la mwili upesi sana. Mtoto huibiwa zaidi kwa sababu ngozi yake, ukiilinganisha na uzito wake, ni nyingi kuliko ya mtu mzima. Mwanzoni hutetemeka na kulalamika. Joto likiendelea kushuka, kutetemeka hukoma, ulimi huwa mzito, vidole havishiki, usingizi humjia. Kwa mwalimu wetu hiyo ilikuwa tabia njema.

Na simlaumu yeye peke yake. Sote tumelelewa hivyo. Mtoto mwenye adabu kwetu hasemi nimechoka mbele ya wakubwa. Ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo hata kama ana homa ya kumtoa povu, kwa kuwa ndivyo salamu inavyojibiwa. Habari mbaya huja baadaye, ukikaa, ukiuliza tena. Nyumbani malezi hayo yanatupa watoto wanaopendeza. Mlimani yanamziba mtoto mdomo saa ile ambayo mdomo wake ndio kipimo pekee ulichonacho.

Miaka ikapita. Mwaka 2015 niliamua kuwapeleka wanangu wawili wakubwa Kilimanjaro kwa siku moja, hadi Mandara. Kifungua mimba alikuwa na miaka 12, binti yangu 9, na tuliongozana na mtoto wa kaka yangu aliyekuwa na 13. Kitindamimba alikuwa na miaka miwili, alibaki na bibi yake. Nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa na makoti ya mvua, sweta za ziada, chai ya tangawizi kwenye chupa, mayai ya kuchemsha, karanga, chapati. Nilikuwa nimeshajifunza mvua. Sikuwa nimejifunza mwinuko.

Tulitoka Dar kwa basi, tukafika Moshi jioni tumechoka, asubuhi tukawa langoni. Tafakari hilo kidogo: jana mtoto alikuwa usawa wa bahari, leo saa sita mchana unataka awe mita 2,720. Kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni kilomita 8 hivi, na unapanda zaidi ya mita 800. Kwa wapandaji wa siku tano au sita hiyo ni siku ya kwanza, nyepesi, ya kupasha misuli. Kwa mtoto wa pwani ni mlima kamili.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume wa makamo, mzaliwa wa Marangu. Kabla ya hatua ya kwanza aliwakalisha watoto kwenye benchi, akawaambia wavue viatu na soksi. Nilidhani anatafuta malengelenge. Alikuwa anaangalia kucha. Za mwanangu mkubwa zilikuwa ndefu, basi akatoa kikata kucha mfukoni, akapiga goti mbele yake, akazikata moja moja mpaka zikalingana na nyama. Akanieleza kwamba wakati wa kupanda kucha hazina habari, ila wakati wa kushuka kila hatua kidole kinasukumwa mbele ya kiatu, na kucha ndefu itakuwa imeng'oka kabla ya kufika langoni. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sikuwahi kuiona methali ile ikitibiwa kwa kikata kucha.

Kisha akawapanga. Binti yangu, mdogo kuliko wote, akamweka mbele kabisa nyuma yake yeye. "Mwendo wake ndio mwendo wetu," alisema. Wavulana wakanuna. Nusu saa baadaye walikuwa wamezoea, kwa maana mtoto wa miaka tisa akiwa mbele hakimbii akichoka, husimama, na akisimama wote tunakunywa maji. Ningempanga nyuma angekuwa anakimbia siku nzima kutufikia, na kila akitufikia sisi tumeshapumzika tunaondoka. Jambo dogo sana, na ninaona makundi mengi yakikosea hapohapo.

Msitu ule unastahili kutembewa polepole. Mbega walikuwa juu ya miti na mikia yao myeupe ikining'inia, na kando ya mto tuliona lile ua dogo jekundu lenye manjano ambalo linapatikana Kilimanjaro tu, lenye umbo la tembo mdogo mwenye mkonga. Watoto walikuwa wakiuliza maswali bila kupumzika. Nilitaka kuwanyamazisha wasimchoshe mwenyeji wetu. Akanizuia. "Mama, waache. Mimi mmoja wao akiacha kuniuliza, ndipo ninaposimama."

Nilimsikia bibi wa Uluguru ndani ya maneno yale. Watu wawili wasiojuana, milima miwili tofauti, miaka 27 katikati.

Tulipobakiza kama saa moja kufika Mandara, aliyenyamaza alikuwa kifungua mimba wangu. Sikugundua, nilikuwa namtazama mdogo. Kituoni, kati ya vile vibanda vya mbao vyenye mapaa yaliyochongoka, niligawa chakula. Chapati yake akaiweka kando, chapati ambayo nyumbani huigombania. Nikamuuliza, mwanangu, uko sawa? Akasema yuko sawa. Mwongozaji akachuchumaa karibu naye na hakuuliza hivyo. Alimuuliza, "Kichwa kinauma mbele au nyuma?" Mtoto akajibu papo hapo: "Mbele." Kilikuwa kinamuuma tangu mtoni, na kichefuchefu juu. Alikuwa amekificha kwa sababu ya binamu yake, ambaye alikuwa anaruka juu ya mawe kama mbuzi.

Ile namna ya kuuliza nimeichukua na kuitumia hata nyumbani. Ukiuliza uko sawa, umeshampa mtoto jibu. Muulize vidole gani vina ganzi, amekojoa saa ngapi, mwambie afunge na kufungua kifungo cha sweta mbele yako. Hapo adabu haina pa kujificha.

Hewa ya Mandara ina oksijeni karibu robo tatu tu ya ile ya pwani. Kuanzia mita 2,500 hivi maradhi ya mwinuko yanaweza kumpata mtu yeyote, awe na mapafu ya aina gani, na dalili zake za mwanzo ndizo zile: kichwa, kichefuchefu, kukataa chakula. Dawa yake ya uhakika ni kushuka. Tulikuwa tumepanga kwenda kasoko ya Maundi, dakika kama ishirini kutoka pale, mahali ambapo hali ya hewa ikiwa nzuri unaviona vilele vya Kibo na Mawenzi. Dakika ishirini tu. Watoto wawili walikuwa wazima wanataka kwenda, nauli ilikuwa imelipwa, kiingilio kimelipwa, na moyo wangu ulikuwa umeshafika Maundi. Nakiri kwamba nilifungua mdomo kusema twende mara moja. Mwongozaji alikuwa tayari amefunga begi.

Mwanangu alilia wakati wa kushuka, kwa aibu zaidi kuliko maumivu. Mwongozaji akatembea naye, akamsimulia habari za Hans Meyer, yule Mjerumani tunayesomeshwa darasani kwamba alifika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Akamweleza ambalo darasani halisemwi sana: kwamba Meyer alikuja mwaka 1887 akarudi nyuma, akaja tena 1888 na hata mlima hakuupanda kwa kuwa alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na mara ya tatu ndipo alipofika, na inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliofuatana naye alikuwa Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa palepale Marangu. Mtoto alisikiliza kimya, kisha akauliza: waliomkamata walimpeleka wapi? Halafu akauliza Lauwo alikuwa na miaka mingapi. Halafu akauliza kama kuna chapati iliyobaki. Mwongozaji akageuka akanitazama, hakusema neno.

Safari ya tatu ni ya 2017, Longonot, nchini Kenya. Kaka yangu, yuleyule wa sweta, alikuwa amehamia Nairobi kikazi, tukamtembelea likizo ya Desemba. Longonot ni mlima mkavu wa Bonde la Ufa, kilele chake mita 2,776, na kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kasoko ni kilomita tatu hivi za vumbi la volkeno linaloteleza chini ya kiatu kama unga. Ukifika ukingoni unaweza kuuzunguka, kilomita nyingine saba na ushei, kupanda na kushuka, jua likiwa utosini na maji hakuna isipokuwa uliyobeba.

Mtoto wa kaka, sasa 15, alilalamika tangu langoni. Vumbi, jua, viatu, kwa nini tusingeenda ziwani Naivasha. Alilalamika mpaka ukingoni na alifika mzima kabisa. Nilimsikiliza kwa furaha, maana mtoto anayelalamika ana nguvu ya kulalamika. Aliyenitia wasiwasi ni binti yangu, miaka 11, ambaye mara hii midomo ilikuwa imempasuka na hasemi. Nilichukua chupa yake: imejaa, haijapungua hata funda moja. Nikamuuliza kwa nini hakunywa. Kimya. Nikamvuta kando, nikauliza tena, akaniambia sikioni, "Mama, hakuna choo."

Alikuwa ameona tangu chini kwamba vichaka ni vifupi na njia ina watu, akapiga hesabu yake, akaamua kutokunywa maji siku nzima chini ya jua lile ili asije akaaibika mbele ya mjomba na binamu. Nilifungua kanga niliyokuwa nimeifunga kiunoni, nikaishika kama pazia nyuma ya kichaka, kaka na mwanawe wakageuka kuangalia ziwa. Dakika tatu. Kisha alikunywa nusu chupa, akapumzika kivulini mwangu, na hatukuuzunguka ukingo. Tulishuka. Tangu hapo kanga haitoki kwenye begi langu la mlimani. Ni pazia, ni shuka, ni kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika, na ndiyo iliyompa joto mwenzangu mwaka ule.

Wavulana wengi hawatalijua tatizo hili, na walimu wanaume wengi hawatalifikiria. Ndiyo maana katika safari ya watoto mchanganyiko ninataka awepo mwanamke, na kazi yake awaambie wasichana mapema, bila haya, kabla ya lango, namna watakavyojisaidia na kwamba lazima wanywe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani kwenye kikao. Sikutaka safari ifutwe. Mtoto aliyepanda kwa miguu yake mpaka mahali ambapo mawingu yako chini yake hupata kitu ambacho sijaona kikipatikana darasani. Ila asiteuliwe kwa uvumilivu wake. Nimewaona wavumilivu. Mmoja nilikaa naye dawati moja, wawili nimewazaa.

Nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya kurasa mbili, naye akaniita ofisini, akaisoma mbele yangu kwa kalamu mkononi. Watoto sasa watatoka Dar Alhamisi na kulala Marangu siku mbili, Ijumaa watembee kidogo tu kwenye vijiji na kuona maporomoko ya maji. Kila watoto wanne wana mtu mzima mmoja ambaye anawajua kwa majina na ametakiwa ajue nani kati yao ni mwongeaji. Wadogo watakuwa mbele. Walimu wa kike wawili wanakwenda. Kila mtoto ataambiwa, mbele ya wenzake wote, kwamba siku hiyo kusema nimechoka, naumwa, naogopa, nimebanwa, ndiyo adabu yenyewe.

Safari ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Saa ya kugeuka ni saa saba mchana, popote watakapokuwa wamefika, hata kama Mandara inaonekana. Imeandikwa kwenye barua mpya, na wazazi wote tumetia saini, pamoja na yule baba. Mwanangu nimemkata kucha jana.